Daftari Kabla ya Gari: Stima, Haibridi na Probox ya Chwele

Probox inayotoka Chwele kwenda Bungoma, imejaa watu, mikungu ya ndizi imebanwa kwenye buti na matenga ya kuku yamefungwa juu, haiendi kimya. Hata hivyo kuna mahali hunyamaza. Barabara ikianza kuinama, dereva huurudisha mkono wa gia katikati, akautoa mguu kwenye mafuta na kuliacha gari lishuke kwa uzito wake. Madereva wenyewe wanaiita "fri". Ukiwauliza sababu, jibu ni moja: mafuta ni ghali.

Fri ni hatari, na kibaya zaidi haina faida. Injini za siku hizi, ambazo mafuta yake hupimwa na kompyuta, huyakata kabisa gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu haujakanyaga. Likiwa fri, injini hulazimika kunywa kidogo kidogo ili isizimike. Kwa hiyo dereva anayejinyima anachoma zaidi, na mzigo wote wa kulizuia gari unaziangukia breki. Lakini kuna kitu amekiona sawasawa. Mteremko una nguvu ya bure, na inauma kuiona ikiishia kuwa joto kwenye pedi za breki.

Gari la haibridi lilitengenezwa kwa ajili ya uchungu huo hasa. Lina injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva akikanyaga breki au akiachia mafuta, mota hugeuka jenereta, ikaurudisha mwendo kwenye betri kama umeme, na umeme huo hutumika kuliondoa gari kwenye matuta au kulivuta polepole katikati ya soko. Halichomekwi popote, chakula chake ni petroli tu. Toyota walianza kuuza la kwanza, Prius, nchini Japani mwaka 1997. Habari ambayo ingepaswa kuzungumzwa zaidi katika steji ya Chwele ni ya mwishoni mwa 2018, Toyota hao hao walipotoa Probox ya haibridi. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mitumba lililopita umri wa miaka minane, Probox hizo ni za kizazi ambacho sasa kinaweza kushuka bandarini Mombasa kihalali na kupandishwa hadi huku.

Je, mwenye Probox ya kawaida auze anunue hiyo? Au aruke moja kwa moja hadi gari la umeme mtupu, lile la kuchomeka ukutani? Wauzaji mtandaoni wana jibu moja kwa kila mtu. Daftari la mwenye gari lina jibu lake.

Kazi ya kwanza basi haihitaji pesa. Kwa wiki mbili, mwenye gari aandike kila jioni mambo manne: kilomita alizotembea, lita alizoweka, saa aliyolilaza gari na saa aliyoliamsha. Wengi huruka hayo mawili ya mwisho, kumbe ndiyo yanayoamua kama stima inamfaa au haimfai.

Tuchukue watu wawili ambao kila mtu wa Chwele anawafahamu kwa sura, hata kama si kwa jina. Mmoja ni dereva wa Probox ya abiria anayepiga kilomita 150 kwa siku, Chwele, Bungoma, Kimilili, huku na huko. Mwingine ni mwalimu mwenye gari la nyumbani, kilomita 30 kwa siku, shule na kurudi, na kanisani Jumapili. Petroli tuiweke shilingi 185 kwa lita. Bei halisi hutangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, na wasomaji hawajasahau Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217.36 Nairobi; huku mbali na bomba la mafuta bei ni nyingine.

Gari la petroli lenye mzigo likienda kilomita 12 kwa lita, dereva wa abiria anachoma lita 12 na nusu, yaani kama shilingi 2,300 kwa siku. Haibridi ikienda kilomita 18 kwa lita, anachoma chini kidogo ya shilingi 1,550. Tofauti ni kama 770 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi inafika 20,000 kwa mwezi. Tuseme bei ya Probox ya haibridi imeizidi ile ya kawaida kwa shilingi 400,000. Pesa hizo zinarudi ndani ya miezi 20. Huyo dereva ana haki ya kuanza kuulizia bei.

Mwalimu naye? Kwa kilomita 30, haibridi inamwokolea kama shilingi 150 kwa siku, 4,000 kwa mwezi. Laki nne zile zingemchukua miaka minane kuzirudisha, na kufikia hapo betri imezeeka na gari limechoka. Mwalimu mwenye gari zima la petroli, linalotunzwa vizuri, na abaki nalo. Atabadilishiwa matairi kwa pesa hizo mara nyingi.

Stima inaleta hesabu ya ajabu kidogo. Gari dogo la umeme hula takriban uniti 17 kwa kilomita 100, na uniti hiyo ni ile ile inayonunuliwa kwa tokeni za nyumbani. Ongeza sehemu ya kumi inayopotea njiani wakati wa kuchaji. Uniti moja ikigharimu shilingi 30 pamoja na kodi zote, kilomita 150 za dereva wa abiria zinamgharimu kama 840 badala ya 2,300. Hapo macho yanamtoka. Lakini arudi kwenye daftari asome saa. Anahitaji uniti 28 kila usiku. Soketi ya kawaida ya ukutani, ikitumiwa kwa usalama kwa ampea 10, hutoa kama uniti 2.4 kwa saa, kwa hiyo anahitaji karibu saa 12 za kuchaji. Yeye hulilaza gari saa mbili usiku na kuliamsha saa kumi na moja alfajiri. Ana saa tisa. Alfajiri hiyo ataondoka na deni la umeme, na deni hilo litamkamata kwenye mlima.

Mwalimu yeye anahitaji uniti tano na nusu tu, zinazoingia kwa saa mbili na nusu akiwa anasahihisha madaftari. Stima inamkubali. Ila akiba yake, kama shilingi 290 kwa siku, haitoshi kulipia haraka gari la bei ghali. Huu ndio mkwamo wenyewe: faida ya stima humfuata anayetembea mbali, na urahisi wa kuchaji humfuata anayetembea karibu, na katika magari ya mitumba yanayofika huku wawili hao ni nadra kukutana. Watakutana baadaye katika makala haya, ila kwa magurudumu mawili.

Asiyetaka kukata tamaa anaweza kufunga chaja kubwa ya ukutani. Hapo pia aulize kabla ya kulipa. Gari la umeme la mitumba ambalo Mkenya hukutana nalo zaidi ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010, na Leaf nyingi za soko la Japani zina kifaa cha ndani kinachopokea kilowati 3 tu. Chaja ya ukutani hata iwe na nguvu kiasi gani, koo la gari ni lile lile. Pia kuna ushuru maalum wa umeme wa magari, ulioanza Aprili 2023: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku wa manane wakati matumizi yameshuka, kabla ya kodi na tozo nyingine. Anayetaka kuingia humo aende ofisi ya Kenya Power aulizie mita ya pembeni, kwa sababu mita ya nyumbani ikianza kulisha gari, matumizi ya nyumba nzima hupanda hadi daraja la juu la bei.

Kisha betri. Kununua gari la umeme bila kukagua betri ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Leaf ina vijistari 12 vidogo pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi, vinavyoonyesha afya ya betri wala si kiasi cha chaji kilichomo. Ikiwa mpya, vyote vinawaka. Kadiri betri inavyozeeka, vinazimika kimoja kimoja, na havirudi vyenyewe. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24 tu, na haina maji ya kuipoza, joto huichosha. Leaf ya namna hiyo yenye vijistari vinane haifai kupangiwa safari ya kutoka Chwele hadi Kitale na kurudi, zaidi ya kilomita 100, tena Kitale iko juu, takriban mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Bungoma takriban 1,400. Kuna wajanja wanaojua kuvirudisha vijistari hivyo kwa kompyuta ili gari lionekane kijana. Dawa yake ni programu ya simu iitwayo LeafSpy pamoja na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, inayosoma hali ya betri kutoka ndani. Muuzaji anayekataa kifaa hicho kichomekwe ameshajibu swali.

Mdomo wa kuchajia nao uangaliwe. Leaf hutumia plagi ya haraka ya Kijapani iitwayo CHAdeMO. Magari ya Ulaya hutumia CCS2. Mengi yaliyotengenezewa soko la China hutumia GB/T. Yanapokutana kwenye kituo kimoja ni kama watu watatu wenye simu tatu na chaja moja. Na maandishi ya dashibodi yakiwa ya Kijapani, fundi atafanya kazi kwa kubahatisha.

Kuna mfano wa Nairobi unaofaa kukumbukwa. Mwaka 2018 ilianza huko huduma ya teksi za umeme, NopeaRide, iliyotumia Leaf na vituo vyake yenyewe vya kuchajia. Abiria walizipenda, madereva walisifu akiba. Mwisho wa 2022 huduma ilifungwa, baada ya kampuni mama huko Ufini kufilisika. Magari hayakuwa na kosa. Hivyo anayenunua chombo kinachotegemea vituo vya kampuni moja ananunua pia afya ya kampuni hiyo, na aiulizie kama anavyoulizia injini.

Haibridi ina mambo yake, madogo lakini ya kila siku. Kwenye Toyota Aqua, betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu kando ya kiti. Sasa mtu afikirie barabara ya vumbi ya kiangazi, gunia la vitunguu limeegemezwa kwenye wavu huo, na kuku wanapukutisha manyoya. Tundu likiziba, betri inachemka, taa nyekundu inawaka, na mwenye gari anaambiwa betri imekufa. Mara nyingine imekufa kweli, kwa kukosa pumzi. Wavu huo usafishwe kila gari linapofanyiwa sevisi, na mzigo usiwekwe hapo kabisa. Ni kazi ya dakika kumi na brashi ya kupakia rangi.

Mkono wa gia wa Toyota ya haibridi una herufi B, ambayo wengi huikwepa wakidhani ni ya kuvutia mzigo. B ni ya mteremko. Gari likishuka kutoka Kapsokwony hadi Kimilili, betri hujaa kabla ya kufika chini, na betri iliyojaa haipokei tena. Hapo B huitumia injini kulizuia gari, na breki zinapumzika. Dereva wa fri akihamia haibridi, hii ndiyo tabia ya kwanza ya kubadilisha.

Si kila haibridi ni sawa. Honda Fit ya haibridi iliyotoka 2013 ina gia za klachi mbili zilizomfanya mtengenezaji ayaite magari hayo karakanani mara kadhaa ndani ya muda mfupi huko Japani, na Honda Vezel ya haibridi ilitumia mfumo wa jamaa mmoja. Ni magari mazuri kuendesha. Lakini anayeishi mahali ambapo fundi mwenye kompyuta ya gia hizo yuko safari ya nusu siku angefanya vizuri kuchagua Toyota, ambayo mfumo wake hauna klachi, hauna stata ya kawaida wala oltaneta ya kuharibika.

Na fundi ndiye kizingiti. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti na chini ya sakafu hubeba umeme wa volti nyingi; wa Aqua ni volti 144 kwenye betri tu, na huongezwa zaidi kabla ya kufika kwenye mota. Huo si umeme wa kugusia bisibisi ili uone cheche. Kabla ya kununua, mnunuzi azunguke gereji za Bungoma na Kitale aulize swali moja: ukitaka kufungua betri hii unaanza wapi? Anayejibu kwa kutaja kuzima gari, kuchomoa plagi ya usalama, kuvaa glavu na kusubiri kwanza, huyo ni fundi. Anayejibu "lete tu" ni wa kupelekewa pancha.

Linabaki lile swali la kila mtu wa huku: na stima ikipotea? Inapotea, kila mtu ana mishumaa. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, na Desemba ikapotea tena. Ila gari la umeme halihitaji stima kila dakika; linahitaji saa kadhaa katika kila siku moja au mbili, na mwenye nalo hujifunza kutolilaza likiwa tupu. Petroli nayo ina siku zake. Aprili 2022 foleni zilizunguka vituo vya mafuta magharibi ya Kenya, na pampu nyingi zilikuwa zimefungwa kwa kamba. Siku hizo Leaf yenye vijistari saba ingekuwa mfalme.

Umeme wenyewe wa Kenya ni safi kuliko wengi wanavyodhani. Takriban sehemu tisa katika kumi zinatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Bwawa la Turkwel peke yake, hapo Pokot Magharibi, lina uwezo wa megawati 106. Kwa hiyo hoja ya kwamba gari la umeme huhamisha tu moshi hadi kwenye kituo cha umeme, ambayo ina uzito katika nchi zinazochoma makaa, hapa haisimami.

Sasa magurudumu mawili. Neno boda boda lilizaliwa jirani, kwenye mpaka wa Busia, enzi za baiskeli za kuvusha watu kutoka nchi moja hadi nyingine, na inaelekea mpito huu nao utaanzia kwa boda. Pikipiki ya petroli ikipiga kilomita 120 kwa siku hunywa kama lita tatu, shilingi 555. Ya umeme, kwa mwendo huo, hula uniti nne au tano, ambazo kwa tokeni za nyumbani ni kama shilingi 150. Na uniti tano zinaingia usiku mmoja kwenye soketi ya kawaida bila kumsumbua mtu. Anayetembea mbali na anayechaji kwa urahisi wamekuwa mtu mmoja. Ndiyo maana Rais Ruto alipozindua mpango wa taifa wa vyombo vya umeme Mombasa Septemba 2023, alikuwa kwenye pikipiki na si kwenye gari, na ndiyo maana Kigali, tangu Januari 2025, haisajili pikipiki mpya ya biashara isipokuwa ya umeme.

Kijana wa boda aulize mambo mawili. Betri ni yangu au ni ya kukodi? Kampuni kama Spiro na Ampersand zimejenga biashara juu ya kubadilishana betri kituoni, na hapo bei ya pikipiki hushuka kwa sababu betri si yako. Roam, wanaounda pikipiki zao Nairobi, betri yao inaweza kuchomolewa ikachajiwa nyumbani. Pili: kituo cha kubadilishia kiko wapi, leo, si katika ramani ya mwaka ujao? Kama kilicho karibu kiko mbali kuliko nusu ya mwendo wa betri moja, mfumo huo haumfai, hata wakimpa kofia na jaketi. Na anayepanda Cheptais na abiria wawili ahesabu kwamba mlima hula betri haraka kuliko tangazo linavyosema.

Kodi ni mahali ambapo mnunuzi asiamini maneno ya mwaka jana. Sheria ya Fedha hubadilika kila Julai, na unafuu wa leo unaweza kukatwa. Kuna sababu iliyo wazi. Tangu Julai 2024 kila lita ya mafuta hulipia shilingi 25 za matengenezo ya barabara, na gari la umeme hupita kwenye lami hiyo bila kulipa hata ndururu. Serikali ilishawahi kujaribu kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari mwaka huo huo, ikairudisha nyuma. Nambari za kijani za magari ya umeme, zilizotangazwa Machi 2024, ni heshima, ila pia zinarahisisha kuyahesabu. Anayepanga bajeti ya miaka mitano aweke kando kitu kwa ajili ya tozo ambayo haijapewa jina.

Majirani nao wanasogea, kila mmoja kwa njia yake. Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli Januari 2024. Ina maji mengi ya umeme na dola chache za mafuta. Uganda, ng'ambo ya Malaba, ilitengeneza gari lake la kwanza la umeme, Kiira EV, katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, na sasa inaunda mabasi Jinja.

Aliyefika mwisho wa daftari lake na bado anataka kununua, asikubali kuonyeshwa gari kwenye uwanja tambarare wa muuzaji. Aombe nusu siku. Apakie watu wanne ndani, aweke gunia la mahindi kwenye buti, apande hadi Kapsokwony na kurudi kupitia Kimilili. Haibridi, ajaze tangi kabla ya kuondoka na alijaze tena akirudi, aandike lita. Ya umeme, aandike asilimia ya chaji chini, juu, na chini tena, kisha aiweke kwenye soketi yake mwenyewe usiku huo aone alfajiri imefika ngapi. Muuzaji wa kweli atanung'unika lakini atakubali. Na matenga ya kuku yawe juu, mbali na ule wavu.